Saa Moja Kutoka Kigoma Hadi Mwanza

"Panda mizani, baba," nilimwambia.

Sikupiga kelele. Waliokuwepo watawaambia nilipiga kelele, na mmoja naona ameshawaambia, ndiyo maana nusu ya soko la Kibondo inaniuliza kama ni kweli nilimshika mtu tai kwenye kiwanja cha ndege. Sikumshika tai. Tai yake ilikuwa imejilaza juu ya tumbo kama mjusi anayeota jua juu ya jiwe, na mimi mikono yangu yote ilikuwa na kazi: mmoja umembeba Yusta, mwingine unaonyesha mizani. Mizani ile ile niliyoipanda mimi. Aliipanda Mama Beatrisi Mkongo. Waliipanda abiria wengine wote, mpaka mfuko wangu wa maharage ukapandishwa. Yeye peke yake alikuwa amesimama pembeni anasoma simu, kana kwamba uzito ni ugonjwa wa watu wengine.

Akaniangalia kama mtu anayeangalia kuku aliyeingia ofisini. Akasema, "Mama, mimi nina kikao."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha. Na kabla hamjanihukumu, ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, maana kila mmoja ananiuliza kivyake na nimechoka kurudia. Naandika mara moja, mpeane. Mambo ya kukata tiketi nayaruka. Alikata shemeji kwenye simu yake, na laiti simu ile ingedumbukia chooni siku hiyo.

Wasiojua habari ya Yusta: binti yangu ana miezi kumi, na alizaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, zote mbili. Wiki baada ya wiki tumekuwa tukimfunga hogo la plasta hospitalini Kibondo, linafunguliwa, mguu unanyooshwa kidogo, linafungwa jingine. Miguu ikakubali. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: daktari bingwa akate mshipa wa kisigino, kazi ambayo wanasema haimalizi robo saa. Daktari huyo alikuwa anakuja hospitali moja kubwa ya Mwanza kwa siku mbili tu, Jumatano na Alhamisi, kisha anaondoka, na hakuna aliyejua atarudi lini. Nesi wetu alinieleza bila kupindisha maneno. Mguu ulionyooshwa haukai kimya ukikusubiri. Ukiuacha unarudi ulikozoea, na mnaanza hogo la kwanza upya.

Kwa hiyo ilibidi nifike Mwanza kabla ya Alhamisi kwisha. Hilo tu.

Kibondo hadi Kasulu

Shemeji Fanueli, mdogo wake mume wangu, ana duka Kasulu. Anauza vocha, anatoa fotokopi, na anatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Aliposikia safari ya Yusta aliingia kwenye simu, akauliza umbali wa kiwanja cha ndege cha Kigoma na cha Mwanza. Simu ikamjibu: kilomita mia nne na hamsini hivi, saa moja angani. Akampigia mume wangu, nasi tukasikiliza wote sebuleni.

"Saa moja, kaka. Saa moja. Mtu anashindaje barabarani siku nzima na mtoto mwenye hogo, wakati kuna saa moja? Tiketi nakata mimi, ni mchango wangu."

Hakuna aliyeuliza ile saa moja inaanzia wapi. Nyie mnaijua barabara yetu. Ukisimama Kibondo, Mwanza iko mbele, Kigoma iko nyuma. Ili nipande ndege ya kwenda Mwanza ilibidi kwanza nisafiri karibu siku nzima kuikimbia Mwanza. Nilimaliza kidato cha nne, Jiografia nilipata B, ramani ninaijua. Nilinyamaza. Nisiwadanganye, nilinyamaza kwa sababu nilitaka kupanda ndege.

Na nilikosa adabu zaidi ya hapo. Jirani yangu Mama Zawadi, mlango unaotazamana na wangu, mtoto wake naye ana miguu kama ya Yusta, hogo tulikuwa tunafunga pamoja, miadi tulipewa pamoja. Akaniambia atapanda basi la Jumanne alfajiri. Nikamwambia, "Pole mwenzangu, utafika kiuno kimevunjika." Maneno hayo yamenifuata safari nzima kama mbwa wa jirani.

Jumatatu stendi, kondakta akanipokea begi. Akauliza mgonjwa anaenda wapi, nikasema Mwanza. Akasema dada, gari la Mwanza ni lile pale. Nikasema najua, naenda Kigoma kupanda ndege. Akamweleza dereva. Dereva akaeleza gari zima. Mzee mmoja aliyekaa na mche wa parachichi mapajani akacheka mpaka majani yakatikisika. Akasema huyu ni kama mtu aliyesimama mlangoni kwake, anazunguka kijiji kwanza ili aingilie dirishani.

Nikamwambia, "Babu, dirisha langu lina mabawa."

Gari zima likacheka, nami nikajiona mjanja. Makere nikanunua karanga na ndizi, nikala kwa raha kama mtu anayejua anachokifanya.

Kasulu: kuagwa

Nilidhani nitalala kwa shemeji, asubuhi niondoke. Nikakuta viti vya kanisani vimepangwa uani. Shemeji alikuwa amewaita watu. Kwetu msafiri haondoki kimyakimya kama mwizi, hilo nalijua na nalipenda, lakini kuaga mtu wa saa moja kwa ibada ya saa mbili ni jambo jipya. Mzee wa kanisa akaiombea ndege kipande kwa kipande. Aliombea mabawa, rubani, mafuta na matairi. Matairi aliyaombea mara mbili, maana yeye ana baiskeli, ndiyo sehemu ya ndege anayoielewa.

Mama mkwe alikuja kwa bodaboda kutoka Heru Juu na mfuko wa maharage ya kumpelekea wifi Mwanza. Mzigo wa mkwe haukataliwi. Ukiukataa umemkataa yeye na shamba lake. Nikaupokea, nikaupima kwa mkono kama ninavyofanya siku zote sokoni.

"Kilo sita, mama."

"Tano. Nimepima mwenyewe."

Nikamwambia sita. Fanueli, anayependa ubishi kuliko chakula, akauchukua mfuko mpaka duka la jirani, wakauweka kwenye mizani. Sita kamili. Mama mkwe akafunika mdomo kwa kitenge akicheka, akawaambia wageni kwamba mkwe wake huyu hata akikukumbatia anajua umepungua kilo ngapi. Nyie mnaojua biashara yangu hamtashangaa. Miaka minne nanunua maharage kwa wakulima wa Gwarama na Kibondo. Gunia la lumbesa, lile la kushindilia na kushona kilemba juu, mimi nalitambua likiwa bado kwenye baiskeli ng'ambo ya barabara. Kumbukeni hilo, mbele litahitajika.

Asubuhi mama mkwe akamshika Yusta miguu juu ya hogo, akamwambia, "Imana ikurinde, mwana wanje." Mungu akulinde, mwanangu. Halafu kwangu akasema maneno machache tu: arudi amesimama.

Kigoma, siku ya kwanza

Kasulu hadi Kigoma barabara ni laini, tulifika mapema. Ndege ilikuwa ya saa nane mchana. Saa tano nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha chuma, Yusta mapajani, maharage miguuni, nanukia mafuta mapya.

Pembeni yangu alikaa mama mnene mchangamfu wa Uvira, Mama Beatrisi, anayefanya biashara ya vitenge. Alinigawia mkate na samaki wa kukaanga kabla hajaniuliza jina. Saa nane ikafika. Ndege haikufika. Saa tisa kaka wa kaunta ya shirika (jina la shirika silitaji, wao wenyewe wanajijua) akasema ndege iko njiani. Saa tisa na nusu akasema iko njiani inakuja. Nilimuuliza tofauti yake na ile ya kwanza ni nini, akaniambia nivute subira. Saa kumi na moja akatangaza kwamba ndege imelala Tabora.

Mama Beatrisi akaguna. "Ndege inalala? Inachoka na nini, na haiyatubeba?"

Sasa oneni vituko vya ukoo wangu. Fanueli alikuwa Kasulu na saa yake mkononi. Ilipofika saa nane akasema ameruka. Ilipofika saa tisa akasema ametua. Hakunipigia. Kwa nini anipigie na simu ilishamwambia ni saa moja? Akawatumia ujumbe watu wote kwamba shemeji na mtoto wamefika salama, Mungu ni mwema. Wifi akaenda kutupokea kiwanja cha Mwanza na mwamvuli. Mama mkwe, nasikia, alipiga vigelegele Heru Juu. Wakati wananishukuria kufika, mimi nilikuwa mjini Kigoma kwa mama lishe, nakula ugali wa muhogo na migebuka, wale samaki wa ziwani kwao. Migebuka ilikuwa mitamu, hilo siwezi kulidhulumu. Ndicho kitu pekee cha safari ile kilichokuja kwa wakati.

Nikiwa nanawa mikono Mama Zawadi akapiga. Alikuwa ameshafika Mwanza tangu alasiri, ameshaandikisha mtoto, ameshapata kitanda.

"Uko wapi, Mama Yusta? Wifi yako anakutafuta kila mahali."

Nikamwambia kuna hitilafu ndogo, kesho asubuhi nimefika. Kiuno chake sikukiulizia.

Kigoma, siku ya pili: mizani

Jumatano saa mbili asubuhi ndege ilikuwepo. Niliiona kwa macho. Nilidhani ni mtoto wa ndege, mama yake anakuja nyuma. Viti kumi na viwili. Kaka wa kaunta akaeleza kwamba ndege ndogo haichezewi, uzito lazima ujulikane, kwa hiyo kila abiria atapimwa pamoja na alichoshika. Nikasema sawa. Hiyo ni lugha yangu.

Basi tukapanda mizani mmoja mmoja kama magunia ya ushirika, yeye anasoma namba kwa sauti, mwenzake anaandika. Mama Beatrisi akapanda na vitenge vyake akisema msome polepole, huo ni utajiri. Nikapanda mimi na begi langu: hamsini na sita. Yusta na hogo lake: nane. Maharage: sita. Nikatabasamu, maana maharage yale yalikuwa sita Kasulu na yakawa sita Kigoma. Nikajua mizani yao ni nzima, haijachezewa. Mzigo wetu wote, mama, mtoto na maharage, ukawa kilo sabini. Akaisoma, "Sabini." Ikaandikwa.

Viti vilikuwa vimeshajaa na hesabu imefungwa alipoingia yule bwana. Gari lilimleta mpaka mlangoni. Suti ya kijivu, begi la magurudumu, na nyuma yake mtu wa kumshikia chupa ya maji. Hakupanga foleni. Kaka wa kaunta akasimama kama aliyeitwa na mwalimu. Wakanong'onezana. Halafu nikasikia, kwa sababu nilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo:

"Mheshimiwa, tuandike ngapi?"

Yule bwana hakuinua macho kwenye simu. "Andika tu yoyote."

Kaka akatazama karatasi yake. Akapitisha kidole kwenye orodha, akashuka, akasimama. Akaandika. "Sabini," akamwambia mwenzake.

Mimi nikamtazama yule bwana kutoka viatuni kwenda juu, kama ninavyotazama gunia kabla sijatoa bei. Mabega, shingo, lile tumbo lililoshonwa kilemba. Lumbesa. Kilo mia moja na kumi na mbili, na nikikosea sikosei zaidi ya mbili. Nikajiuliza mtu mwenye akili anaandikaje sabini kwa mzigo ule, kwa nini asiandike hata tisini apunguze aibu.

Kaka akanijia na uso wa huruma, ule wanaofundishwa.

"Dada, samahani. Uzito umezidi. Itabidi wewe na mtoto msubiri ndege ya Ijumaa."

Ndipo nikaelewa. Ile sabini haikuwa ya yule bwana. Ilikuwa yangu. Kidole kilikuwa kinatafuta kwenye orodha ni nani wa kutolewa, kikasimama kwetu, na namba yetu akavishwa yeye ili karatasi isibadilike. Tumefutwa mimi, mwanangu na shamba la mama mkwe, karatasi ikabaki safi.

Nikamweleza kwa upole, naapa kwa upole, kwamba mtoto ana daktari, daktari anaondoka kesho, Ijumaa ni bure kwangu. Nikasema maharage nitayaacha. Akasema hata ukiacha maharage, dada, na hogo la mtoto nalo ni zito. Hogo. Kilo zote zile zimesimama mbele yake na suti, yeye ameona hogo la mtoto wa miezi kumi.

Ndipo nikageuka nikasema yale mliyoyasoma mwanzo. Panda mizani, baba. Naye akanijibu habari ya kikao.

"Kikao hakina uzito," nikamwambia. "Mwili ndio una uzito. Sisi wote tumepanda, na wewe panda."

Mama Beatrisi akasimama, akajifunga kitenge upya, ishara ambayo hata kwa Kikongo inaeleweka. "Ule papa hawakumupima. Miye niko naona na haya macho. Mwenye hajapimwa, asipande."

Nikawaambia abiria wanisikilize. Karatasi inasema sabini, mimi nasema mia na kumi na mbili, mizani iko hapa, haina deni na mtu. Kama mimi ni mwongo, apande mnicheke. Kama ni kweli, mnakwenda kupaa na zaidi ya kilo arobaini ambazo rubani hazijui. Ndege haichezewi, si ndivyo tulivyoambiwa?

Mwalimu mmoja mwenye miwani akaanza kusema jamani, labda apimwe tu yaishe. Mwingine akasema kweli. Nikadhani nimeshinda. Yule bwana akanikaribia, akasema kwa sauti ya chini, kama anayenipa siri:

"Mtoto wako ataenda Ijumaa. Mwanza haihami."

"Daktari anahama," nikasema.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akapitishwa, na begi lake nalo halikupimwa. Kaka akawahimiza wengine waharakishe, rubani anangoja. Na wenye hofu ya kilo arobaini wakajipanga, mwalimu akiwa wa tatu, akitazama viatu vyake. Nilikuwa nimejifunza jambo: watu wanaogopa kuanguka, lakini wanaogopa zaidi kuachwa. Mama Beatrisi alinikumbatia akasema anaingia kwa sababu wateja wamesubiri, lakini atasali njia nzima. Nilimwelewa. Yeye peke yake ndiye aliyenitazama usoni.

Kigoma hadi Kibondo

Basi la Mwanza lilikuwa limeshaondoka alfajiri. Lililokuwepo ni la kunifikisha Kibondo. Nikapanda.

Hatujatoka mbali na Kigoma nikasikia muungurumo. Nikachungulia dirishani, na ile ndege ikapita juu yetu, ndogo kama nzi, ikielekea ile ile njia ninayoelekea. Abiria wakanyoosha vidole. Yusta akaipungia mkono. Anapungia kila kitu, hajui kuchagua.

Stendi ya Kasulu, Fanueli alikuwa anangoja, maana nilikuwa nimempigia. Alikuja na soda mbili na uso uliosawijika. Akasema lakini shemeji, kweli ni saa moja, nimeangalia tena. Nikamwambia shemeji, kuna saa moja ya ndege na kuna saa moja ya mtu, na wewe uliuliza ya ndege. Nilichukua soda zote mbili.

Kibondo tukaingia saa kumi na moja jioni. Kondakta alikuwa yule yule wa Jumatatu. Akaninyooshea begi akasema, kwa heshima zote, "Dada wa ndege, karibu nyumbani. Dirisha lilikuwa limefungwa?"

Nikagonga mlango wangu mwenyewe. Siku tatu niko safarini kwenda Mwanza, na nimefika kwangu. Mume wangu hakuwa amepata habari, simu yake haikuwa na chaji. Akafungua, akamwona Yusta, akafurahi kweli kweli, akatazama hogo, akauliza, "Mwanza kulikuwaje? Mbona bado hawajafungua?"

Nilimpa mtoto. Nilikwenda kulala kwenye kitanda changu. Ndicho kituo kizuri kuliko vyote vya safari ile.

Kibondo hadi Mwanza

Alhamisi alfajiri tukapanda basi, lile lile ambalo Mama Zawadi alilipanda Jumanne. Naona aibu kuwaambia kwamba liliondoka kwa wakati. Lilikuwa safi. Kiti kililala nyuma. Dereva hakukimbia wala hakukokota. Kakonko, Nyakanazi, Geita, kila mahali lilifika lilipotakiwa kufika, na kila lilipofika mimi niliumia, maana nilikuwa najua lingekuwa limenifikisha hivyo hivyo juzi. Mwanamke mmoja alinipa muhogo wa kuchemsha, nikamshukuru, nikautia kwenye begi. Nilikuwa napiga hesabu tu. Saa nne. Saa sita. Tunavuka daraja la ziwani saa nane, maji pande zote yanameremeta kama yamefurahi, mimi nasukuma kiti cha mbele kwa magoti ili gari liongeze mwendo.

Saa tisa stendi. Saa kumi kasoro hospitalini, nimeshuka kwenye bodaboda na mtoto, mfuko wa maharage umeninginia shingoni.

Mama Zawadi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Zawadi wake alikuwa amelala, miguu miwili na hogo jipya, lile la mwisho, na vidole vimeangalia mbele. Vimeangalia mbele kabisa, kama vya watoto wengine. Aliponiona alisimama, na nikajua kabla hajasema.

Daktari alikuwa ameondoka saa saba. Jumatano Mama Zawadi alimwambia kuna mwenzangu yuko njiani kwa ndege, akaniwekea nafasi. Alhamisi asubuhi akamwambia tena. Daktari akasubiri, akafanya wengine, akarudi kuuliza. Akamuuliza ndege gani hiyo inakaa angani siku mbili. Saa saba akavua glavu, akaomba radhi, akaenda kiwanjani. Ndege yake yeye iliondoka kwa wakati.

Nilikuwa nangoja Mama Zawadi aniulize kiuno. Alikuwa na haki. Hakuuliza. Alinivua mfuko wa maharage shingoni, akanimiminia uji, akamchukua Yusta akampakata pamoja na wa kwake, wote wawili mapajani, hogo jipya na hogo kuukuu.

Nesi akamfunga Yusta hogo lingine ili mguu usirudi haraka. Aliniambia kwa ukweli: likishindwa kushika, tunaanza upya. Daktari akirudi nitaambiwa. Lini, hajui.

Ofisi ya shirika, Mwanza

Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisini kwao. Wifi alitaka anisindikize anishike mkono nisiharibu, nikamwambia nimeshatulia. Ndani kuna dada mmoja mstaarabu, akanipa kiti, akanipa fomu. Alisema hakuna fomu ya abiria aliyeshushwa kwa sababu ya uzito, kwa sababu kwenye orodha ya Jumatano hakuna aliyeshushwa. Uzito ulilingana kabisa. Iliyopo ni fomu ya mzigo ulioachwa.

Nikasema hiyo inanifaa. Nimeijaza kwa kalamu yake, kwa herufi kubwa, na nakala yenye muhuri ninayo. Anayetaka kuhakikisha aje aione. Imeandikwa hivi:

*Aina ya mzigo:* Mtoto wa kike, miezi kumi. Mama yake. Maharage ya njano kutoka Heru Juu.

*Uzito:* Nane, hamsini na sita, sita. Jumla sabini. Mtaiona kwenye orodha yenu, ipo, mmeivalisha suti.

*Mzigo uliachwa wapi:* Kigoma.

*Sababu kama ulivyoelezwa:* Hogo la mtoto ni zito.

*Hali ya mzigo ulipofika:* Ulifika kwa barabara, umechelewa kwa saa tatu. Miguu bado haijakatwa mshipa. Mengine mazima.

*Unaomba shirika lifanye nini:* Naomba abiria wa mwisho kupanda ndege ya Jumatano apimwe. Nimemkadiria kilo mia moja na kumi na mbili. Kama mnabisha, mleteni Kibondo sokoni siku yoyote. Mizani ninayo.